Rangi Nilizokusomea

Mwanangu Festo,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua: uko uani, unasugua viatu ambavyo umeshavisugua mara mbili tangu mchana. Yangu nayo unaisikia ukutani, maana kila nikikosea neno nasonya. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari la hesabu la dada yako Neema, akiuliza, hujui. Baba yako amepita hapa mezani akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naorodhesha mahitaji yako. Akasema, "Mbona marefu hivyo? Anakwenda Mbeya au anahamia Ulaya?"

Mambo ya sufuria, shuka na kutomwazima mtu ndala Neema amekuimbia wiki nzima, sirudii. Kwamba Mbeya ni baridi kuliko hapa Ilula, hilo utaambiwa na masikio yako mwenyewe. Mimi nataka tuongee kuhusu rangi.

Najua umeshtuka kidogo kuliona neno hilo. Nami nimeshtuka kuliandika. Miaka minane tumekula meza moja, na neno hilo tumekuwa tukilipitia pembeni kama watu wanaopita kando ya mbwa aliyelala.

Nianze mbali, ndiyo njia ya waoga.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Nilichojua baada ya hapo nimekiokota barabarani, ndoo ya nyanya kichwani, nikikimbilia madirisha ya mabasi. Na barabara hii inafundisha rangi kuliko mwalimu yeyote. Kitunguu kilichopauka, ukikitia kwenye wavu mwekundu kinapata damu. Abiria anaona wekundu, hana muda wa kuuliza kama ni wa kitunguu au wa wavu. Akifika kwake akiufungua, sisi tuko mbali. Nyanya vilevile. Anayeshuka Iringa mjini unampa iliyoiva, atapika leo. Wa Dar unampa iliyogeuka tu, yenye wekundu kidogo kitakoni, itamalizia kuiva njiani huku yeye amelala. Nyama yenye muhuri wa zambarau watu wanainunua bila kuinusa. Na msibani, nimeona mtu aliyevaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka viatuni, macho yake yako kwenye sufuria la wali. Nimeona na mwingine aliyetoka mbio shambani na kitenge cha maua ya njano, akalia mpaka akashikiliwa na watu wawili. Rangi ni mjumbe, Festo. Ikisema uongo, ujue kuna aliyeituma.

Sasa nisogee karibu. Babu yako, baba yangu, humkumbuki. Alifariki ukiwa bado unanyonya. Kule kwetu milimani, juu ya Mbeya, alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri, na kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kutandika kitambaa cha madhabahu. Unavijua vitambaa vyenyewe: zambarau wakati wa Kwaresima, cheupe Pasaka, chekundu Pentekoste, halafu cha kijani kwa ile miezi mirefu isiyo na sikukuu ambayo watu husinzia. Kalenda ya kanisa ilimwandikia rangi ya kila Jumapili, na kusoma alijua. Shida haikuwa kusoma.

Pentekoste moja aliamka mapema, akatandika, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Mchungaji akaingia, akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee," alimwambia mbele ya kanisa zima, "leo moto umeshuka kutoka mbinguni, wewe umetutandikia majani?"

Watu wakacheka. Babu yako akasimama taratibu, akasema, "Mchungaji, huku kwetu moto ukishapita mlimani, kinachofuata si majani?"

Wakampigia makofi. Wako waliolichukua kama fundisho kabisa. Mama mmoja nilimsikia akilihubiri kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba miaka mingi baadaye, na kulia alilia. Lakini babu alipofika nyumbani hakula. Mchana aliniita nyuma ya zizi. Nilikuwa na miaka tisa. Akaniwekea vitambaa viwili magotini.

"Kipi chekundu?"

Nikacheka, nikidhani ni fumbo. Hakucheka. Nikamwonyesha.

"Kishonee hicho fundo moja kwenye pindo. Hicho kingine mafundo mawili. Na mama yako usimwambie."

"Kwa nini, baba?"

"Ataniombea hadharani."

Nilishona. Na mama yangu asingegundua, kwa sababu kwa lugha ya kwetu yeye alikuwa na rangi tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine zote alizitaja kwa vitu, hii ya majani, hii ya jivu, hii ya kahawa mbichi. Babu naye alivijua vitu. Aliyajua majani kuliko mtu yeyote mlimani pale, akakujibu kwa kitu kila ulipomuuliza rangi, na nani angehisi? Kanisani akawa anapapasa pindo kama mtu anayejipangusa mikono, na hakukosea tena. Mpaka kina mama wa usafi walipovifua vile vitambaa, wakaona vifundo kama ushonaji wa ovyo, wakavifumua kwa nia njema.

Jumamosi ile babu alipapasa, akapapasa. Asubuhi yake akatuma salamu kwamba mgongo unamuuma. Wiki iliyofuata mgongo ukauma tena. Mwishowe aliacha uzee wa kanisa, akahamia benchi la nyuma karibu na mlango, na watu wakasema amegombana na mchungaji juu ya michango. Hakuwakatalia. Alizikwa na ugomvi ambao hakuwahi kuwa nao.

Nimekueleza haya ili ujue kwamba mimi nilijua. Mama mwingine angeweza kujitetea kuwa hajawahi kusikia habari za macho ya namna hiyo. Mimi nilishika sindano. Sasa soma nilichofanya.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa Iringa mjini, namuuguza shangazi yako hospitali, mguu wake umevunjika. Watu wa barabara wakapita hapa Ilula na makopo yao ya rangi. Kila anayeishi kando ya barabara kuu anaijua ile alfabeti yao, ina herufi moja tu. Ukiwekewa X ya kijani, unavunjiwa lakini unalipwa fidia. Ukiwekewa nyekundu, umejenga ndani ya eneo la barabara, vunja mwenyewe utupishe. Ukanipigia kwa simu ya baba yako.

"Mama, wametuwekea X."

"Wapi?"

"Kwenye kibanda, na chumba cha mbele."

"Rangi gani?"

Ukanyamaza kidogo. Ule ukimya niliusikia, Festo, nikaupuuza.

"Kijani," ukasema.

"Angalia vizuri, baba."

"Nimeangalia, mama. Ni kama ya kina mama Zawadi."

Nilipiga kigelegele mpaka nesi akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua, na ile ilikuwa wodi ya waliovunjika mifupa. Jumapili nikatoa shukrani kanisani hukohuko mjini, jogoo mzima, nikasimama mbele na kueleza Bwana alivyotukumbuka. Jumatatu nikashuka kwenye gari hapa kwetu, nikaiona. Nyekundu kama pilipili iliyoiva. Na hatua sita kutoka hapo, kwenye ukuta wa mama Zawadi, kijani.

Mama Zawadi alikuwa mlangoni, kama kawaida yake siku za maafa ya wenzake. "Kamwene, mama Festo!" akanisalimu kwa Kihehe. "Tumesikia umetoa shukrani! Sisi wa kijani bado tunajishauri, kumbe ninyi wa nyekundu mmeshawahi!"

Nikachomoa kijiti cha kusimikia nyanya. Nilikuuliza kwa nini umenidanganya. Ukasema, "Sikudanganya, mama. Zote mbili ziko sawa."

Nikaona unanifanyia jeuri. Nikakuchapa kwa ajili ya kibanda, nikakuchapa kwa ajili ya jogoo, nikakuchapa kwa ajili ya kicheko cha mama Zawadi, mpaka baba yako akaja kuninyang'anya kijiti. "Zote mbili ziko sawa." Ule ulikuwa ushahidi wa kweli kabisa, na mimi nilimchapa shahidi.

Siku ya tatu ulikuwa shambani unachuma. Nilikuwa kwenye tuta la pili, na wewe hukuniona. Ulikuwa unaibonyeza kila nyanya kwa kidole gumba, polepole, halafu unainama kuinusa kwenye kikonyo, ndipo unaichuma au unaiacha. Mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza mpira hanusi nyanya. Nikakumbuka mkono wa baba yangu kwenye pindo la kitambaa. Nikakaa chini kwenye udongo, na ndoo yangu ikapinduka.

Palepale ningekuita. Kuomba radhi ni kazi ya dakika moja. Mimi nikachagua kazi ya miaka minane.

Nikaanza kukusomea rangi bila kukwambia kwamba nakusomea. Sikukutuma "ndoo nyekundu" tena; nilikutuma "ile nyekundu iliyokatika mkono". Sweta ulikuwa unaambiwa "lile la kijani lenye kifungo cha shati la kaka yako wa Ubaruku". Penseli zako za rangi za shule nilizikata urefu tofauti tofauti, nikasingizia panya. Ukanitazama kwa muda, kisha ukazishika kwa urefu wake, na hukuwahi kuuliza panya gani anayekata penseli kwa kipimo. Baadaye nikagundua Neema naye alikuwa na mradi wake: anakusomea rangi za ramani za jiografia, unamlipa maandazi. Nyumba nzima ilikuwa inashona mafundo, kila mtu kwenye kona yake. Baba yako peke yake ndiye hakuwamo. Yeye macho yake yanaona rangi zote, hayaoni sahani chafu tu.

Nilifikiri ule ndio upendo. Sehemu yake ulikuwa upendo, siukani. Lakini sehemu kubwa ilikuwa aibu: nilikuwa naogopa siku utakayojua ni nini kile, na ukahesabu nyuma mpaka kwenye kijiti.

Mara moja nilijikaza nikauliza. Nilikuwa kliniki Iringa, nikamwambia nesi kwamba kuna mtoto wa jirani yangu hatofautishi nyekundu na kijani. Akauliza, "Huyo mtoto wa jirani anafanana na wewe?" Nikasema kidogo. Akacheka, akavuta kiti. Akanieleza kwamba si ugonjwa, ni maumbile, na dawa hakuna. Kwamba hutembea kwenye ukoo kwa njia yake: babu mzaa mama anayo, binti yake anaibeba bila kuionja, mjukuu wa kiume anaikuta. "Kwa hiyo mama wa huyo mtoto," akasema, ananitazama, "hana kosa lolote." Nikamshukuru kwa niaba ya jirani.

Kwa hiyo umeipata kwangu, kama ulivyopata haya masikio. Hilo silo ninaloomba radhi. Ninaloomba radhi ni kijiti. Nimeandika neno hilo, nimelitazama, ni fupi mno kwa miaka minane, lakini sina jingine: nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli, nikakupiga.

La pili ni la mwezi uliopita, na hili ndilo halitaki kunipa usingizi.

Pale zahanati, wewe na mimi na fomu ya chuo cha ufundi. Tabibu alikusomesha herufi za ukutani, ukazisoma zote mpaka ule mstari wa chini kabisa ambao nadhani ni anwani ya waliochapa. Akasema una macho ya mwewe. Halafu akafika kwenye swali linalofuata, foleni mlangoni imejaa, akaniuliza mimi badala ya kukuuliza wewe: "Mama, rangi anatambua?"

Nikasema, "Anatambua."

Ulikuwa unatazama viatu vyako. Hukunisahihisha, na siwezi kukulaumu. Mara ya mwisho uliponiambia ukweli juu ya rangi unajua nilikujibu kwa kitu gani. Tukarudi nyumbani, njiani ukaninunulia mua, ukanimenyea.

Sikuwaza vizuri siku ile. Niliwaza kwamba umeutaka umeme tangu ulipokuwa unafungua redio ya baba yako na kumrudishia ikiwa na skrubu tatu za ziada. Nikasema mimi nani nikuzuie kwa sababu ya jani na moto. Ndipo wiki iliyopita fundi akaja kufunga umeme kwenye chumba kipya. Nilimshikia ngazi, nikamuuliza kama mjinga tu, "Hizi nyaya mbona zina rangi?"

"Ndiyo lugha yake hiyo, mama. Nyekundu ina moto. Nyeusi inarudisha. Kijani inakwenda ardhini, ndiyo inayokulinda. Siku hizi zinakuja za kahawia na bluu, lakini nyumba nyingi za watu utazikuta hizi."

"Na mtu akichanganya nyekundu na kijani?"

Akaacha kufunga. "Hapo ameupeleka moto kwenye bati la friji. Mtoto anatoka kucheza, anataka maji ya baridi..." Nami ngazi nikaiachia, ikatikisika, akanigombeza.

Nikamuuliza kama mtu asiyeziona rangi anaweza kuwa fundi. Akafikiri. "Kuna testa, mama, ukiigusisha waya wenye moto inawaka. Fundi mzuri haamini macho yake. Mimi naona rangi zote na nimepigwa shoti mara nne." Kisha akasema, "Ila aseme. Mwenzake ajue. Kwenye nguzo hufanyi kazi peke yako."

Kwa hiyo jibu sina. Pengine unaweza umeme kwa testa na kwa kuweka alama zako, maana ulianza kuzisoma nyanya kwa kidole gumba bila kufundishwa na mtu. Pengine huwezi, na chuoni hapo kuna kuchomelea, kuna bomba, kuna useremala, na wewe mikono yako haijawahi kuwa na shida. Anayejua ni mwalimu. Lakini mwalimu hawezi kukusaidia jambo ambalo fomu imemwambia halipo, na aliyeiambia fomu hivyo ni mimi.

Sikukatazi kwenda. Nilipokuwa mdogo nilimtunzia mtu siri yake vizuri sana, na nikamwona akisogea benchi moja moja mpaka mlangoni. Kama angesema tu, "Mchungaji, mimi hizi mbili sizitofautishi," angechekwa Jumapili mbili, ya tatu wangempa mtoto wa kumsaidia kutandika. Kuchekwa kunaisha, Festo. Mimi nimechekwa na mama Zawadi, mtaalamu kabisa, na bado nauza nyanya.

Utakapofika Mbeya mjini, zile taa za barabarani, ya juu ndiyo ya kusimama, ya chini ndiyo ya kwenda. Nimekusomea. Hiyo ni ya mwisho. Kuanzia hapo ukitaka kujua rangi ya kitu, uliza kwa sauti. Yupo atakayekudanganya kwa kujifurahisha. Wengi watakwambia tu.

Barua hii nilipanga kuitia chini kabisa ya begi, katikati ya mashati, uikute ukiwa umeshafika na mimi niko mbali. Nimebadilisha nia hapa hapa ninapoandika, maana kufanya hivyo kungekuwa kukwepa macho yako kwa mara nyingine. Nitakupa mkononi asubuhi, kabla ya chai, na nitakaa kiti cha mbele yako wakati unaisoma. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikiwa karibu. Ukitaka tupitie zahanati kwanza nikalifute lile neno langu kwa mdomo uleule, nitakuwa nimeshavaa viatu. Ukisema utamwambia mwalimu mwenyewe, nitakubebea begi mpaka kituoni na sitauliza mara mbili.

Usiwahi gari. Ya Iringa yanapita hapa siku nzima, na kutoka Iringa ya Mbeya yapo. Soma polepole.

Mama yako